Wingu Lenye Viwele

Wakaao Mpanda, na wenzao wa Karema kando ya Ziwa Tanganyika, walikofika Mapadri Weupe mwaka 1885, huweza kuyaona mara chache katika majira ya mvua, hasa jioni: mawingu yenye tumbo lisilonyoka, lililoning'inia mifuko mifuko kama viwele vya ng'ombe. Jua la magharibi likiyapiga kwa chini, hung'aa rangi ya dhahabu na ya damu. Pengine baada ya dakika 10 au 15 yamekwisha kutoweka. Watu huingiwa na hofu, na hofu hutafuta wa kulaumiwa.

Tuseme basi jinsi yatokeavyo. Jua hupasha ardhi. Hewa yenye unyevu hupanda, hupoa, na mvuke hugeuka matone. Wingu hukua hata kimo cha kilometa 15, likafikia tabaka la hewa yenye joto kulishinda, lisiweze kupanda tena. Ndipo kichwa chake hutandaa kama fuawe la mhunzi. Huko juu ni barafu. Chembe zake zishukapo chini ya kichwa hicho hugeuka mvuke na kuipoza hewa, nayo ikiwa nzito huzama. Hicho ndicho kiwele. (Wenye elimu wangali wakibishana juu ya mengine, wala hawaoni haya kukiri.) Radi nayo hutoka katika wingu lilo hilo, barafu na mvua ya mawe zikigongana ndani yake hata kujaa umeme. Hapana mkono wa mtu.

Twayasema haya kwa kuwa radi ikiua mtoto au ng'ombe, wako Wakristu, waliobatizwa na kukomunika, waendao usiku kwa mganga kuuliza nani aliyeituma. Jina litakalotajwa twalijua mapema: bibi kizee, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka 50. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa neno kama hilo. Hapo huvunjwa amri ya nane, kisha ya tano, tena mbele ya watoto.

Katika Injili ya Mtakatifu Luka, Bwana wetu aliwakemea waliojua kulisoma wingu wasijue kuyasoma majira yao. Sisi tungefurahi hata hilo la kwanza likitendeka. Kichwa kile kikionekana kimetandaa, wachungaji waondoke chini ya miti, wavuvi warudi nchi kavu, watoto waingie nyumbani. Na mmoja wao apite kwanza kwa yule bibi, amsaidie kuingiza kuni zake ndani.