Nani Achague Mizani?

Mtu apimaye kina cha maji bandarini kwa mwezi mzima huishia na orodha ndefu ya namba. Nyuma ya namba hizo mna kanuni: mvuto wa mwezi huinua maji takriban kila saa 12 na dakika 25, na bamvu na mafu hupokezana. Lakini mna pia upepo, na wimbi la chombo kilichopita. Aweza kuchora mstari mwepesi unaokosea kidogo hapa na pale, au mstari wa kupindapinda ugusao kila namba. Huo wa pili umesadiki yote, na kwa sababu hiyo kesho utapotosha; umehifadhi hata wimbi la chombo kilichokwisha kwenda zake.

Achague upi? Mwaka 1948 Claude Shannon alionyesha kuwa habari hupimika, na juu ya msingi huo zikajengwa mizani mbili. Hirotugu Akaike wa Japani, mwaka 1973, aliuliza: ni maelezo yapi yatakayopoteza habari kidogo zaidi yakutanapo na jambo lisilopimwa bado? Jorma Rissanen wa Ufini, mwaka 1978, aliuliza: ni yapi yatakayoandika ujumbe wote, kanuni pamoja na makosa yake, kwa ufupi kuliko mengine?

Wote wawili hujumlisha kosa la maelezo na faini ya kila kigezo kinachoongezwa. Hutofautiana katika kiasi. Akaike hutoza 2 daima. Kwa Rissanen, katika sura nyepesi ya kanuni yake ambayo Gideon Schwarz aliifikia mwaka huohuo kwa njia nyingine, faini hukua pamoja na vipimo: vikiwa 1,000, hukaribia 7. Wa kwanza humfaa nahodha, atakaye kujua maji ya kesho tu; wa pili humfaa atafutaye sababu, naye huvumilia kukosa kidogo kuliko kusadiki kisichokuwapo.

Hesabu, basi, haiwezi kumwambia mtu anatafuta nini. Hilo ni lake kulijibu, na alijibu kabla ya kupima. Apimaye kwanza, kisha akatafuta mizani itakayompa jibu alipendalo, hakupima kitu. Ameyavika matakwa yake nguo ya elimu, na wenye kumwamini ndio watakaopanda mwamba.