Mbwa mwema kwa watoto wa nani?

Hapa Kakuma mtu akitafuta mbwa wa nyumbani, anauliza mambo mawili: ni mkali? Anapenda watoto? Tunataka yote mawili: awapende watoto wetu, awafukuze wa wengine. Lakini je, huyo ni mbwa mwema?

Watoto wa bloki nzima wanapita mlangoni kwako wakienda bombani. Msomali, Mkongo, Msudani, wote ni watoto. Mbwa anayebagua siku moja atamuuma mmoja wao.

Kwa hiyo ukichagua, usiangalie rangi wala ukubwa. Chukua aliyekaa na mama yake kama wiki 8, anayekuja kwa watu bila woga, maana mbwa mwoga huuma haraka. Usimfunge kamba kutwa. Mpeleke chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Akimuuma mtoto, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, halafu kliniki mbio. Na kama kwa dini ya jirani mate ya mbwa ni najisi, mzuie asiguse vyombo vyake. Huo pia ni wema.

Yanayobaki tunamfundisha sisi. Tukisema “Shika!” kila akipita mtoto wa kabila lingine, mbwa anajifunza nani ni adui. Na watoto wetu wamesimama hapo hapo, wanajifunza pamoja naye.