Akufukuzaye Hakwambii Toka

Upinzani wa wakazi dhidi ya ujenzi mpya mtaani mwao hutokea popote penye mji. Nchini Marekani una uzito wa pekee, kwani kwa zaidi ya miaka mia moja umekuwa mojawapo ya njia za kuamua nani akae karibu na nani. Maana ya ubaguzi wa rangi haina haja ya kuchambuliwa hapa. Inatosha ile inayojulikana, yaani kumnyima mtu haki kwa sababu ya rangi au asili yake. Kinachosumbua ni swali jingine: je, tendo linaweza kuwa la kibaguzi ilhali hakuna hata mtendaji mmoja anayekiri, au pengine anayejijua, kuwa mbaguzi?

Swali hilo limechochewa upya na mvutano juu ya kanuni moja. Mwaka 2015 serikali ya Barack Obama ilizitaka halmashauri zinazopokea fedha za makazi kutoka serikali kuu zichunguze jinsi mitaa yao ilivyogawanyika kwa rangi, kisha zieleze zitafanya nini. Julai 2020 Donald Trump aliifuta kanuni hiyo na kuwaahidi wakazi wa vitongoji vya pembezoni mwa miji kuwa hawatasumbuliwa tena na nyumba za watu wa kipato cha chini. Ilirudishwa kwa sehemu mwaka 2021, ikafutwa tena 2025. Ahadi ile ilizungumzia kipato. Rangi haikutajwa, wala hapakuwa na haja ya kuitaja.

Ukimya huo una historia. Mwaka 1910 jiji la Baltimore lilipitisha sheria iliyomkataza Mweusi kuhamia mtaa wenye Wazungu wengi, na Mzungu kuhamia mtaa wenye Weusi wengi. Miji mingine ikaiga. Mwaka 1917, katika kesi ya Buchanan dhidi ya Warley iliyotoka Louisville, Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria za aina hiyo. Miaka tisa baadaye, katika kesi ya kijiji cha Euclid jimboni Ohio, mahakama hiyohiyo ilibariki kugawa ardhi kwa matumizi: hapa nyumba ya familia moja tu, pale ghorofa za kupangisha, kule viwanda. Hukumu hiyo ililifananisha jengo la kupangisha na kimelea kinachonyonya uzuri wa mtaa wa nyumba za familia. Watu wakaondolewa kwenye maandishi, yakabaki majengo. Kiwanja kikitengwa kwa nyumba moja yenye uwanja mpana, bei yenyewe huchuja wanunuzi. Na katika nchi ambayo Weusi walizuiwa kwa vizazi kujiwekea mali, chujio hilo halihitaji kuelekezwa.

Kesi inayoonyesha jambo hili kwa karibu ni ya Arlington Heights, mji mdogo nje ya Chicago. Sensa ya 1970 ilihesabu huko wakazi wapatao 64,000; Weusi walikuwa 27. Shirika la watawa wa Mtakatifu Viator lilikuwa na ardhi kubwa mjini humo, likakubali ekari 15 zitumike kwa nyumba 190 za watu wa kipato cha chini na cha kati, wa rangi zote. Ardhi hiyo ilikuwa imetengwa kwa nyumba za familia moja, hivyo kibali kilihitajika. Kwenye mikutano ya hadhara wapinzani walijaa. Baadhi waligusa suala la mchanganyiko wa rangi. Wengi walisema walinunua nyumba zao wakitegemea kuwa matumizi ya ardhi hayatabadilika, na kwamba thamani itashuka. Septemba 1971 wajumbe 6 wa halmashauri ya mji walikataa, 1 alikubali. Shauri likaenda mahakamani, na mwaka 1977 Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Jaji Lewis Powell, iliamua kuwa madhara kuwaangukia zaidi Weusi hakutoshi kuvunja katiba. Lazima ithibitike kuwa nia ya kibaguzi ilikuwa mojawapo ya sababu. Haikuthibitika.

Hapo ndipo hupata nguvu ile hoja inayotolewa katika kila mkutano wa namna hii, na inayostahili kukabiliwa kwa urefu: hapa hakuna mbaguzi, tatizo ni foleni, maegesho, bei za nyumba na sura ya mtaa. Hoja hii inakera kwa sababu kila kipande chake kinaweza kuwa kweli. Nyumba 190 huleta magari, na magari huleta foleni. Lakini sababu kuwa ya kweli ni jambo moja, na kuwa ndiyo iliyomsukuma msemaji ni jambo jingine. Kipimo chake ni rahisi: magari yaleyale yangekuja na zahanati ya kulipia au klabu ya gofu, je, ukumbi ungejaa? Foleni inayovumilika ikiletwa na mmoja na kugeuka balaa ikiletwa na mwingine haipimwi kwa idadi ya magari.

Hoja ya bei ni ngumu zaidi, kwani mwenye nyumba haoti: mali yake yote iko ndani ya kuta zile, na shule ya wanawe hutegemea kwa kiasi kikubwa kodi ya majengo ya eneo lake. Hata hivyo bei haikuanguka kutoka mbinguni. Katika miaka ya 1930 chombo cha serikali kilichora ramani za miji na kupaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa ya hatari kukopesha, na mitaa ya Weusi ilipakwa rangi hiyo karibu kila mahali. Mamlaka ya kudhamini mikopo ya nyumba, iliyoundwa 1934, ilifuata fikra hizohizo. Mtaa usiokopesheka haupati wanunuzi, usio na wanunuzi hushuka bei, kisha bei hiyo hutolewa kuwa ushahidi kwamba ujirani wa Weusi hushusha thamani. Anayesema leo kwamba anaogopa bei tu, wala si watu, anaogopa kitu kilichotengenezwa kwa kuwaogopa watu. Huenda yeye binafsi hana chuki yoyote. Ameirithi ikiwa imeshageuzwa tarakimu.

Kipande cha tatu, sura ya mtaa, ndicho kitupu kuliko vyote. Hakina urefu wala upana, hivyo kila mtu hukijaza alichonacho moyoni. Utaratibu wa kikao nao hukisaidia. Barua ya taarifa hutumwa kwa wenye ardhi wa karibu. Kikao hufanyika jioni, kila msemaji hupewa dakika mbili au tatu mbele ya kipaza sauti, anataja jina na anwani. Watafiti Katherine Levine Einstein, David Glick na Maxwell Palmer, katika kitabu chao cha 2019 kuhusu jimbo la Massachusetts, walikuta kuwa wasemaji kwenye vikao hivi ni wenye nyumba, wazee na wakazi wa muda mrefu kuliko wapiga kura wenzao, na wengi wao hupinga. Mpangaji wa kesho hayumo ukumbini. Hana anwani mtaani humo, na hiyo anwani ndiyo inayojadiliwa.

Msomaji wa Kiswahili ana kioo chake cha kutazamia hili. Tanganyika chini ya Waingereza ilikuwa eneo la udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na ubaguzi wa wazi katika sheria ungeleta maneno. Kwa hiyo katika miaka ya 1920 Dar es Salaam iligawanywa kanda tatu kwa aina ya ujenzi: ya kwanza majengo ya Kizungu, ya tatu vibanda vya wenyeji, na ya pili katikati. Kwenye karatasi ilikuwa habari ya kuta na mapaa. Lakini watu waliipa mitaa majina yake ya kweli: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwazi wa Mnazi Mmoja, kwa hoja ya afya. Lugha ilifanya kazi ambayo kesi ya Arlington Heights haikuifikia: ilitaja nia bila kusubiri uthibitisho wa mahakamani. Leo uswahilini ni neno la tabaka, na upande wa pili huitwa ushuani. Wakazi wamebadilika, lakini mipaka ya zamani bado inasomeka kwenye ramani ya jiji. Pengine ndiyo sababu wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Methali hiyo ni kanuni ya ushahidi, na ni kali kuliko ile ya 1977.

Zipo pingamizi za haki. Mtaa wa Weusi unaokataa majengo ya kifahari yatakayopandisha kodi na kuwahamisha hauwezi kuwekwa kapu moja na Arlington Heights, na anayehofia mafuriko bondeni anastahili kujibiwa na mhandisi. Wapo pia wanaosema yote haya ni tabaka, si rangi. Weusi wenye fedha waliokataliwa nyumba wanaweza kuwajibu.

Linabaki swali la lawama. Methali ikichukuliwa kuwa sheria, kila anayelalamikia foleni atakuwa mshitakiwa, na hapatakuwa na neno la kumtenga mwenye chuki na mwenye hofu ya deni la benki. Matakwa ya mahakama yakifuatwa, ubaguzi utadumu kwa muda wote ambao watu wanajua kunyamaza. Sheria ya Marekani yenyewe imeshika vyote viwili: katiba hudai nia, ilhali Sheria ya Makazi ya Haki ya 1968, kwa uamuzi wa majaji 5 dhidi ya 4 mwaka 2015, inaruhusu kushitaki kwa matokeo. Ukuta mmoja, futi mbili za kuupimia. Hata baada ya hukumu ya 1977, kesi ya Arlington Heights ilimalizika kwa makubaliano: nyumba zilitafutiwa kiwanja kingine pembezoni, nje ya mipaka ya mji kama ilivyokuwa wakati wa kikao, na ardhi ya watawa haikujengwa nyumba zile.