Bawa la Kulalia

Mvua ikishika Masukulu, gundi haikauki. Siku ya tatu leo nusu mbili za kiwiliwili cha ndege yetu zimefungwa kwa kamba za mgomba, mimi na mpwa wangu tukingoja zishikane.

Vipande vilikuja kwenye boksi vikiwa vimening'inia kwenye vijiti vyao kama ndizi mkunguni. Unakata kimoja kwa wembe, unasugua kovu, unamtafuta mwenzake. Ni Catalina PBY-5A, ndege ya kijeshi ya Marekani yenye tumbo la mashua na magurudumu ya kushukia nchi kavu. Imepunguzwa mara 72: mabawa yaliyokuwa na upana wa mita 31.7 sasa ni sentimita 44. Puani tumetia chubwi, kile kipande cha risasi cha mshipi, nilichopewa na mvuvi wa Matema. Bila uzito huo ndege ingekalia mkia.

Ndugu zake walipata kutua kwetu. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Catalina za Uingereza zilikaa Kipevu, Mombasa, na Dar es Salaam, zikisaka nyambizi katika Bahari ya Hindi na kuokoa waliozamishwa.

“Mjomba, waliozama wanaingilia wapi?”

Nikamwonyesha madirisha mawili ya ubavuni, yaliyovimba kama macho ya chura. Yanafunguliwa, mtu anavutwa ndani.

“Na wakijaa?”

Nikamsimulia habari ya rubani Adrian Marks. Tarehe 2 Agosti 1945 aliwakuta mabaharia wa meli ya kivita Indianapolis wakielea katika Bahari ya Pasifiki, siku ya nne tangu nyambizi ya Japani iizamishe. Papa walikuwa miongoni mwao. Amri ilikataza kutua bahari kuu, akatua. Ndani kulipojaa, aliwalaza wengine juu ya mabawa, akawafunga kwa kamba za miavuli wasiteleze. Alipata 56. Lakini sehemu ya bawa ilikuwa ya kitambaa, na kwa uzito wa watu wale kikatoboka. Ndege ile haikuruka tena. Waliookolewa walipohamishiwa melini, ikazamishwa palepale.

Nimelala na habari hii usiku mwingi. Karatasi ya maelekezo inataka bawa lisilo na mkwaruzo, nami nimelisugua kwa msasa mpaka vidole vikafa ganzi. Kumbe siku Catalina ile ilipokuwa ndege ya uokoaji kwelikweli, ndiyo siku ilipokoma kuwa ndege. Iligeuka kitanda. Basi sisi tunaiga nini hasa? Tunaiga ndege kabla haijaombwa kitu.

Tena ipo asubuhi ya Bukoba, 6 Novemba 2022. Ndege ya abiria yenye watu 43 iliangukia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja, na waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walipona. 19 walikufa, na hadi leo nikiona picha ya ule mkia juu ya maji moyo hunisonga. Mtumbwi uliotengenezwa kwa ajili ya samaki ulipokea binadamu bila kubadilishwa ubao hata mmoja. Hakuna aliyekuwa ameuandika ubavuni kwamba ni chombo cha uokoaji. Aliyeshika kasia ndiye aliyeugeuza, kwa kuuelekeza kule watu walikokuwa wakiita. Ndiyo maana siwezi tena kuitafuta maana ya chombo katika umbo lake peke yake, hata liwe zuri kama hili lililo mezani.

Jioni mpwa wangu aliketi kimya, akipima punje mbili za mahindi juu ya bawa. Zikisimama moja juu ya nyingine zinakaribia kimo cha mtu kwa kipimo hiki.

“Mjomba, nilitoboe hapa? Walipolala wale.”

Bawa limetugharimu siku mbili za msasa. Nililishika kidogo, nikalitazama kwenye mwanga wa mlango. Kisha nikaenda jikoni kupasha sindano.