Sahani Iliyofunikwa

Jikoni kwa bibi yangu, Nyarugusu, kila jioni ilikuwapo sahani moja iliyofunikwa kwa sahani nyingine, ikawekwa juu ya kichanja ili paka asiifikie. Ndani yake ugali, kando yake kibakuli cha dagaa. Ilikuwa ya baba mdogo, aliyekuwa duarani, yaani kwenye shimo la kuchimba dhahabu. Siku nyingine alirudi usiku wa manane, kope nyeupe kwa vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe, akaula ugali umepoa. Siku nyingine hakurudi, na asubuhi sisi watoto tuligombania kiporo. Jioni ikifika, bibi alipakua tena, akafunika tena.

Kwa miaka mingi niliyaona ni mazoea ya mama na mwanawe tu. Siku hizi naamini kuwa pale jikoni ndipo nilipofundishwa dini kwanza, kabla ya katekista.

Ukanda wetu wa dhahabu unaishi kwa kalenda mbili. Ya kwanza ni ya mvua. Mahindi yanapandwa, njaa inabana kabla ya mavuno, kisha kiangazi kinaingia na viazi vinakatwa na kuanikwa juani mpaka viwe michembe. Wasukuma wameiandika kalenda hiyo katika majina ya watoto wao: Mabula na Kabula ni wa mvua, Limi ni wa jua. Ukimwita mtu, umekumbuka mbingu ilivyokuwa siku aliyokuja duniani. Hata Kanisa liliisoma kalenda hii. Kule Bujora, Padri David Clement aliikutanisha sikukuu ya Ekaristi na ngoma za vyama vya Wagika na Wagalu baada ya mavuno, na hadi leo watu wanaijia sikukuu hiyo, Bulabo, kila mwaka.

Kalenda ya pili ni ya dhahabu, nayo haina majira. Mwamba hauivi mwezi wa sita. Mtu anaweza kushuka miezi tisa akapandisha mawe matupu, na jirani yake akapata ndani ya wiki moja. Uvumi wa rashi, yaani wa dhahabu iliyoonekana mahali papya, ukivuma, vijana wanahama usiku huohuo, iwe Pasaka, iwe Idi, na anayeondoka hasemi atarudi lini. Mkulima anayengoja mvua ameiona ya mwaka jana. Ndiyo maana mbegu inaning'inia juu ya moshi wa jiko na hailiwi, hata watoto wakilia. Mchimbaji hana mwaka jana wa kushika. Majira yake ni watu wanaomngoja.

Na kalenda hizi mbili hukutana vibaya. Mvua ambayo mama anaiombea shambani ndiyo mwanawe anayoiogopa duarani. Januari 2024, kule Ng'alita, Bariadi, ardhi iliporomoka msimu wa mvua ikaua zaidi ya wachimbaji 20. Hapa kwetu tuna kumbukumbu nyingine. Alhamisi, tarehe 26 Januari 2017, watu 15 walifukiwa mgodini Mawemeru, Watanzania 14 na Mchina mmoja. Jumapili, tarehe 29, wote walitolewa wakiwa hai.

Ni rahisi kusema kwamba wa Mawemeru waliponywa kwa sala. Mimi siwezi kusema hivyo mbele ya mama wa Ng'alita, kwa sababu naye aliomba. Imani inayodai malipo kwa kila sala ni kubahatisha kulekule kwa duarani, ila kumehamia kanisani na msikitini. Bibi hakufunika sahani ili baba mdogo arudi. Alifunika kwa sababu baba mdogo ni wake, arudi asirudi. Hiyo ndiyo imani niliyoirithi: kumhesabu mtu usiyemwona, na kumtengea fungu lake katika chakula kisichotosha.

Ndiyo maana ninazithamini siku zetu za kukutana. Krismasi ikifika, walioko Kahama na Chunya wanarudi. Shangazi aliyeolewa na Mwislamu anakuja na wanawe, na mumewe ndiye anayechinja mbuzi ili wote tule. Mwenye gramu anakaa mkekani na mwenye madeni, na wote wananawa kwenye beseni moja. Siku hiyo hakuna anayeulizwa amepata nini. Anayechelewa anaulizwa yuko wapi.

Bibi alishazikwa, mwanzoni mwa masika, udongo ukiwa laini. Baba mdogo aliacha duara, sasa analima mpunga. Lakini kwa mama yangu sahani bado inafunikwa, kwa sababu sasa mdogo wangu ndiye anayeshuka.

Nawe, popote ulipo, leo jioni kabla hujanawa, uliza nani hayupo. Kisha mwekee.