Haki ya Panya na Haki ya Mtoto

Je, yafaa kumtia maradhi kwa makusudi mnyama aliye mzima, ili itafutwe dawa ya mwanadamu? Suala hili si la mabingwa wa mbali peke yao. Latuhusu sisi watu wa Elwak, tuishio kwa ngamia na mbuzi, na ambao watoto wetu nao hupatwa na maradhi ya kichwa kikubwa: maji ya ubongo hukosa njia, yakajaa, yakaukandamiza ubongo wenyewe.

Matabibu huyatoa maji hayo kwa mpira mwembamba uendao mpaka tumboni, au hufungua njia mpya ndani ya kichwa. Huko Mbale, Uganda, njia hizo mbili zilijaribiwa kwa watoto wachanga 100, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 hayakuonyesha tofauti kubwa ya akili baina yao. Walakini kutoka kwa maji ni jambo moja, na kupona kwa ubongo uliokwisha kudhurika ni jambo jingine. Ndipo ikatafutwa dawa ya kuukinga. Huko Kanada panya wadogo walidungwa udongo mweupe kisogoni, njia ya maji ikaziba, kisha baadhi yao wakapewa dawa iitwayo nimodipini. Mwaka 2001 ilielezwa kuwa hao walidhurika kidogo kuliko wenzao. Lakini hata leo dawa ya namna hiyo haijathibitika kwa watoto.

Twasema: mnyama hakuumbwa awe mchezo. Mtume (s.a.w.) ametupa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia akafa njaa. Basi dharura ikiruhusu, hairuhusu ila kwa kadiri yake: maumivu yapunguzwe, idadi iwe ndogo, wala lililokwisha julikana lisirudiwe kwa kutafuta sifa.

Na liko sharti la pili, ambalo husahauliwa. Asemaye kuwa amemuumiza mnyama kwa ajili ya mtoto, amejitwika deni la mtoto huyo. Dawa ikipatikana kisha isifike Elwak, mnyama yule ameumizwa bure. Wala lawama haiwaishii mabingwa. Mzazi amfichaye mtoto kwa aibu mpaka kichwa kikavimba, na mkubwa asiyemtafutia gari la kumfikisha Nairobi au Kijabe apasuliwe mapema, hao nao wataulizwa. Kumpeleka mtoto mapema hakumgharimu panya hata mmoja.