Kurumbiza na Sange



Hapa Ushirombo mtu amsikiapo ndege mdogo akiimba alfajiri husimama kumsikiliza. Lakini amwonapo mnyama mfano wa panya akipita majanini, huokota fimbo. Mmoja twampenda, mwingine twamdharau. Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Natuutazame msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio karibu na Malindi katika nchi ya Kenya. Humo yumo kurumbiza, ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya machungwa na sauti tamu. Yumo na sange, mwenye pua ndefu, na manyoya yake ya nyuma yana rangi ya dhahabu. Uzito wake wapata nusu kilo. Wengi humdhania kuwa panya wa msitu, lakini wenye elimu ya wanyama wamechunguza wakaona kwamba si panya kamwe, bali ni jamaa wa mbali wa tembo. Basi hata jina tulilompa halikuwa la kweli.

Sange hufukua majani makavu akitafuta wadudu na nyungunyungu. Kurumbiza humfuata nyuma, akiokota wadudu waliofukuliwa. Sisi twausikia wimbo, wala hatuulizi mwimbaji amekula wapi.

Je, tuseme basi kwamba sange ana thamani kwa sababu amsaidia kurumbiza? Neno hilo halitoshi. Kurumbiza ameenea katika nchi nyingi za Afrika, naye aweza kujipatia chakula bila sange. Bali sange huyu hapatikani ila katika misitu michache ya pwani ya Kenya, tena mitego na ukataji wa miti vimemtia katika hatari ya kutoweka. Tukimpima kwa faida yake tu, siku atakapopatikana mtumishi mwingine tutamtupa.

Katika Mathayo 10 Bwana wetu alinena habari za shomoro, ndege wa bei ndogo kabisa sokoni, ya kuwa hata mmoja haanguki chini asipojua Baba. Hakutaja uimbaji wake wala faida yake. Thamani yake yatoka kwake yeye aliyemwumba.

Nasi tujihoji. Katika usharika twawasifu waimbaji; je, yule mama mzee afagiaye kanisa kabla ya jua kuchomoza, twamjua jina lake? Na siku atakaposhindwa kuushika ufagio kwa uzee, tutakwenda kumtazama nyumbani kwake? Hapo ndipo itakapojulikana kama tulimpenda yeye, au tuliipenda kazi yake tu.